VJ Pasi na Kinyago Kisicho na Mdomo

Pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ukiuliza nyumba ya Pacifique, utajibiwa kwa swali: Pacifique yupi? Wako wengi. Ukisema VJ Pasi, hata mtoto wa miaka mitatu atakunyooshea kidole. Ni Mkongo wa Uvira, miaka arobaini na mitatu, mke mmoja, watoto wanne, na kipande cha shamba la maharage ambacho hakimpendi wala yeye hakipendi. Jina la VJ, yaani mtafsiri wa filamu, alilipatia katika kibanda cha video pale Base Camp, ambako kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa moja tu, kusema.

Filamu zilikuja kwa Kichina, kwa Kihindi, kwa Kiingereza cha puani, na watu waliobanana kwenye mabenchi hawakujua hata lugha moja kati ya hizo. Pasi aliketi pembeni ya skrini na maikrofoni yake, akawatafsiria. Tuseme ukweli, na yeye Kichina hakukijua. Alichokijua ni nyuso. Mtu akikunja uso, Pasi alishajua anataka kusema nini, na kama hakujua alimpa maneno yake mwenyewe, ambayo mara nyingi yalikuwa matamu kuliko yale ya Wachina. Tena alikuwa na mtindo wake, ambao watu walikuja kwa ajili yake: mwizi wa filamu, awe Mchina awe Mhindi, alipewa jina la mtu aliyeketi humo humo kibandani. “Mumuangalie Gasore, fundi wa baiskeli, anavunja benki!” Kibanda kizima kinaanguka kwa kicheko, na Gasore mwenyewe anacheka kuliko wote, kesho yake anapita barabarani kifua mbele. Kutajwa na VJ Pasi ilikuwa heshima.

Halafu zikaja simu za bei rahisi, kila kijana akawa na sinema yake mfukoni, na corona ilipofunga kibanda hakikufunguliwa tena. Siku hizi mle ndani wanahifadhi mahindi. Pasi akarudi shambani, na hapo ndipo mke wake Eugénie alipoanza kupata taabu, maana mtu aliyezoea kusema saa nane kwa siku hawezi kunyamaza kwa sababu tu kazi imekwisha. Alitafsiri kila kitu. Kuku wakipigana uani, aliwatafsiri. Jirani akipita amekasirika, alimtafsiri kabla hajafika mbali.

“Papa Neema,” Eugénie alimwambia siku moja, “utatuletea maneno humu. Batu habapendi kusemewa.”

Pasi alicheka tu. Mazoea yana taabu, na ya kwake yalikuwa na taabu kubwa.

Aliyemwonea huruma ni jirani yake wa nyumba ya pili, Herménégilde, Mrundi wa Rumonge, Mkatoliki wa kila Jumapili, mtu wa maneno kumi kwa siku, na matano kati ya hayo ni sala. Jinsi watu wawili hawa walivyopatana hakuna ajuaye, labda kwa sababu mmoja alihitaji masikio na mwingine alikuwa nayo. Walilima pamoja, wakala pamoja. Clémence, mke wa Herménégilde, alipojifungua mapacha na hali ikawa mbaya, Pasi ndiye aliyemfikisha hospitali kwa pikipiki ya kuazima, na inasemwa alisema njia nzima.

Herménégilde ndiye mlinzi wa bomba la kijiji chao. Kwa asiyejua, maji hapo hufunguliwa asubuhi na kukatwa saa sita, na watu hupanga majerikani yao kwenye mstari tangu alfajiri, kisha huenda kwenye shughuli zao. Jerikani, au bidoni kama wasemavyo Wakongo, ndilo mtu. Likiwa la tisa, wewe ni wa tisa, hata kama uko shambani. Kazi ya mlinzi ni kushika ufunguo wa bomba na kuhakikisha kwamba hakuna jerikani linalotembea lenyewe kutoka la ishirini hadi la tatu. Kijiji kile kina Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na kila upande ulikuwa umemkataa mlinzi wa upande mwingine, mpaka wakakutana kwa Herménégilde. Walimkubali kwa sababu siku moja, mbele ya watu wote, alimrudisha mke wake Clémence nyuma ya mstari. Clémence hakusema naye siku tatu. Kijiji kikampa ufunguo, na huu ni mwaka wa sita.

Mchana, maji yakishakatwa, Herménégilde hutengeneza vinyago. Huchukua karatasi za mifuko ya saruji, huzilowanisha, huzibandika kwa uji wa muhogo juu ya umbo la udongo, tabaka baada ya tabaka, na zikikauka hupata uso mwepesi na mgumu ambao si wa Mrundi wala wa Mkongo. Pua ya katikati, macho ya katikati. Mdomo hauweki kabisa. Vinyago hivyo ni vya kikundi kiitwacho Kimya.

Kikundi kilianzishwa na Gisèle, binti wa Bukavu aliyesomea ualimu, mdogo wa umri lakini hata wazee humwita Mama Gisèle. Mwanzoni alifanya michezo ya kusema kama watu wengine. Akaona mchezaji akifungua mdomo tu, watazamaji wanasikiliza ametoka wapi, hawasikilizi anasema nini. Mrundi akicheza mtu mbaya, Warundi wananuna. Mkongo akicheza mlevi, Wakongo wanaondoka na viti vyao. Gisèle akakata shauri: mtu asiseme, na sura isionekane. Wachezaji wake hucheza kwa mabega, kwa magoti na kwa vidole. Mara ya kwanza watu walisema ni ushetani, mara ya pili wakasema ni upuuzi, mara ya tatu wakaja na viti.

Humo ndimo Herménégilde alimompeleka rafiki yake, kwa kuona kwamba mtu asiye na kazi hufa kabla ya siku zake.

“Huyu?” Gisèle alisema. “Huyu ni redio. Redio nitaifanyia nini miye?”

“Mdomo wake nitaujibia mimi,” Herménégilde akasema.

Kwa mtu wa maneno kumi, huo ulikuwa mkataba. Gisèle alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akampa Pasi kinyago.

Miezi ya kwanza ilikuwa adhabu. Chini ya kinyago Pasi alinong'ona, Gisèle akamsikia, akamtoa nje. Alirudishwa, akanong'ona tena, akatolewa tena. Alianza kuuma kola ya shati. Mwezi wa nne akaweza dakika tano, mwezi wa sita akaweza mchezo mzima, na siku hiyo alipatwa na jambo ambalo hakulitegemea. Alikuwa amecheza mzee anayesubiri maji, mtu asiyefanya lolote ila kusimama, na bibi mmoja Mnyarwanda katika watazamaji akaanza kulia. Miaka kumi na moja Pasi alikuwa amewachekesha watu, hakuwahi kumliza hata mmoja. Alirudi nyumbani amejaa furaha mpaka kooni, na Eugénie akashangaa, kwa sababu mume wake alikula akalala bila kueleza.

Mwaka huu, kwenye sherehe za siku ya wakimbizi, mwanamke mmoja wa televisheni ya Mbarara aliuona mchezo wao uitwao Mstari. Ni mchezo mfupi. Watu watano wamepanga majerikani, mmoja wao anasogeza lake mbele kidogo kidogo, wengine wanaona lakini kila mmoja anaona haya kuwa wa kwanza kumkemea, na wanaendelea kuona haya mpaka maji yanakatwa na wote wanabaki watupu. Mwizi alichezwa na Herménégilde. Walicheka wenyewe juu ya hilo, mlinzi wa bomba kucheza mwizi wa maji, lakini ilikuwa siri ya kikundi, maana chini ya kinyago nani angemjua? Yule mwanamke akawaalika kwenye kipindi cha Jumamosi saa tisa, kinachorushwa moja kwa moja.

Gisèle aliwakusanya. Hakupandisha sauti.

“Pacifique, hii ni tele. Haiko kibanda. Ukisema hata neno moja, unatoka mu kikundi. Na Herménégilde anatoka pamoja na wewe, juu ni yeye alikuleta na ni yeye alijibia mudomo yako. Tumesikilizana?”

“Tumesikilizana,” Pasi akasema, na wiki nzima hakulala vizuri. Kwake mwenyewe hakuogopa sana, alishazoea kufukuzwa. Aliogopa kwa ajili ya yule mwingine, ambaye hakuwa na kitu kingine duniani cha kuonyesha ila ufunguo, vinyago, na neno lake.

Jumamosi ilifika. Mbarara waliingia mapema, wakanywa chai karibu na soko, wakapelekwa studio kwenye ghorofa ya tatu ya jengo ambalo chini yake wanauza matairi. Walivaa vinyago. Fundi wa sauti, kijana wa Kinyankore mwenye haraka, akapita akiwabana kila mmoja kipaza sauti kidogo kwenye ukosi wa shati.

“Lakini sisi hatusemi,” Gisèle alimwambia.

“Hapana shida, madam. Kwa televisheni kila mutu navaa. Mukubwa nasema hivyo.”

“Hakuna sauti katika mchezo wetu. Hata kidogo.”

“Sauti hapana?” Kijana alimtazama kwa masikitiko, kama mpishi aliyeambiwa wageni wamefunga. “Sasa mimi nafanya kazi gani?”

Akawabana hivyo hivyo, akarudi nyuma ya kioo chake.

Katika mchezo, Pasi alikuwa wa mwisho kwenye mstari, yule yule mzee wa kusimama. Hakuwa na la kufanya dakika tisa nzima ila kuangalia mbele. Na mbele yake, chini ya kamera, kulikuwa na televisheni ndogo ya kuwaonyesha watu wa studio kinachorushwa. Hakuna aliyefikiria kuigeuza. Nani angefikiria? Mtu mwingine yeyote angejiona humo akatabasamu, basi. Lakini Pasi, kwa miaka kumi na moja, picha ikitembea kwenye skrini, ulimi wake ulitembea nayo. Alisimama, akaona skrini, akaona mtu mwenye uso wa karatasi anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anaweka mguu wake nyuma ya jerikani na kulisukuma polepole. Kibanda kilimrudia chote kichwani, na mabenchi yake, na jasho lake.

“Sasa mumuangalie huyu,” kinyago cha mzee kikasema. “Anaangalia kuume, anaangalia kushoto, anafikiri batu bote bamelala. Herménégilde! Herménégilde wa bomba, muizi wa maji! Bidoni yako iko na miguu?”

Nyuma ya kioo, fundi wa sauti aliyekuwa amekaa bila kazi alisikia mtu anasema. Akashukuru Mungu, akapandisha sauti mpaka mwisho.

Ilikwenda hivyo dakika nne. Pasi alimpa mwizi sauti nyembamba, akawapa wengine sauti nene, akampa bibi aliyekuwa wa pili mstarini kikohozi. Mkono wa Herménégilde ulisimama kidogo juu ya jerikani aliposikia jina lake, halafu ukaendelea, maana Gisèle aliwafundisha kwamba nyumba hata iungue, mchezo unafika mwisho. Ukafika mwisho. Mtangazaji alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Alisema hajawahi kuona kitu kama hicho, na alisema kweli.

Kwenye chumba cha nyuma walivua vinyago. Hakuna aliyeketi.

“Umesema jina langu,” Herménégilde akasema.

“Miye? Sikusema kitu.”

Na hakuwa anadanganya, hilo ndilo lililowauma wote. Pasi aliamini alikuwa amewaza tu. Simu yake ikalia mfukoni, alikuwa Eugénie, na nyuma yake zilisikika kelele za baa nzima iliyokuwa imekusanyika kuwatazama watu wake.

“Papa Neema, umefanya nini? Batu banaanguka chini kwa kucheka. Banasema ati Herménégilde ni muizi. Ni kweli anaiba maji?”

Pasi alikata simu. Akakaa juu ya jerikani la mchezo. Gisèle hakumgombeza. Alifungua mfuko, akanyoosha mkono, na Pasi akampa kinyago chake. Herménégilde naye akaweka cha kwake humo bila kuambiwa, kwa sababu ahadi ilikuwa ahadi. Gari liliporudi, likipita Masha, wale wawili walikaa benchi moja na hakuna aliyemgeukia mwenzake.

Sisi wa Nakivale tumedanganywa na watu wengi, lakini televisheni ya Mbarara hatujaizoea kiasi cha kuishuku. Kama imesemwa kwenye televisheni, basi imechunguzwa. Jumapili asubuhi watoto walimpokea Herménégilde bombani kwa wimbo, na wimbo wenyewe ulikuwa na maneno mawili tu, muizi na maji. Jumatatu watu wazima wakaanza kukumbuka. Huyu alikumbuka jerikani lililojaa nusu mwaka juzi. Yule alikumbuka kwamba watoto wa mlinzi huwa wasafi sana. Jumanne Sebagabo, mwenye kioski mkabala na bomba, ambaye tangu zamani aliutamani ule ufunguo, akatia mbolea.

“Lisemwalo lipo,” alisema, “na kama halipo laja. Miye sisemi ameiba. Nasema ufunguo upumzike.”

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano wa watumiaji wa bomba, Jumapili saa tatu, baada ya misa ya kwanza, palepale bombani, kabla maji hayajafunguliwa.

Pasi alifanya kile alichokijua. Alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza. Alieleza kwamba ulikuwa mchezo, kwamba ni mtindo wa kibanda, kwamba Gasore aliwahi kuvunja benki mara ishirini na hakuna aliyemshika. Watu walimkaribisha vizuri mno. Walimpa kiti, wakaita majirani, wakamsikiliza huku midomo yao ikicheza, na alipomaliza wakasema: “Sasa tufanyie ile ya bidoni iko na miguu.” Nyumba moja alikataa, wakacheka zaidi, wakadhani kukataa nako ni sehemu. Kila alipoeleza, filamu iliendelea. Siku ya nne alikwenda kwa Herménégilde, akamkuta amekaa na karatasi za saruji mapajani, hakati, habandiki. Pasi alianza, “Ndugu yangu, miye…” na Herménégilde akainuka akaingia ndani, bila hasira, jinsi mtu anavyoingia ndani mvua ikianza.

Clémence alibaki mlangoni.

“Haombi kubaki na ufunguo,” alisema. “Jumapili atauweka chini mbele ya watu na kuondoka. Anataka kuhamia mbali, kule Juru. Miaka sita nimechota maji nyuma ya watu wote kwa ajili ya jina la mume wangu, shemeji. Sasa nikalichote wapi?”

 Pasi alitembea mpaka shambani kwake akakaa kwenye tuta, akalia, mtu mzima na ndevu zake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, methali hiyo aliijua tangu utoto, tena aliwahi kumpa Mchina mmoja aiseme.

Jumamosi jioni alikwenda kwa Gisèle.

“Nipe kile kinyago cha mwizi.”

“Cha nini?”

Pasi alifungua mdomo aeleze, halafu akaufunga. Alisimama tu pale mlangoni, mikono imening'inia. Gisèle alimtazama muda mrefu. Aliwahi kumfundisha kusimama hivyo kwa miezi sita na hakuwahi kusimama vizuri namna ile. Akaingia ndani akamletea.

Jumapili watu walijaa kuliko siku ya ugawaji wa chakula. Majerikani yalikuwa yamepangwa kama kawaida, yapata hamsini, na siku hiyo wenye nayo walikuwa wamesimama wenyewe nyuma yake. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha plastiki. Sebagabo alikuwa amevaa koti. Herménégilde alisimama kando ya bomba, shati lake la misa, ufunguo mkononi, macho chini. Mwenyekiti alipokuwa anakohoa ili aanze, mtu akatokea nyuma ya kioski na jerikani, amevaa uso wa karatasi.

Watoto waliutambua papo hapo. “Herménégilde! Muizi wa maji!” Walipiga kelele mara mbili, mara ya tatu ikawafia mdomoni, kwa sababu Herménégilde alikuwa pale kando ya bomba, na uso wake mwenyewe.

Mwenye kinyago hakuwajali. Aliweka jerikani lake mwisho wa mstari, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akalisukuma kwa kisigino. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akalisukuma kwa goti. Alikuwa mwizi mbaya kuliko yule wa televisheni, mwizi mwenye njaa ya wizi, na watu wakaanza kucheka bila kutaka. Akapita kumi, akapita ishirini. Alipofika la tatu, akaondoa jerikani la bibi mmoja wa Kinyarwanda, jerikani la kweli la maji ya kweli, akaweka lake hapo. Bibi akampiga kofi mkononi. Hapo hakuna aliyecheka. Mwizi akasimama wima mbele ya watu wote, akafanya kitu ambacho katika kikundi cha Kimya hakifanywi kamwe. Akavua kinyago.

“Ni VJ,” mtu akasema.

Uso ulikuwa umelowa jasho, na unga wa muhogo umeganda kwenye paji. Pasi aliinua kinyago juu, akakionyesha kwa Wakongo, kwa Warundi, kwa Wanyarwanda. Akakiweka tena kifuani kwake. Akagusa mdomo wake, akamnyooshea Herménégilde mkono, akainamisha kichwa, akabaki ameinama hivyo.

“Sema basi!” sauti ya kijana ikatoka nyuma. “VJ, tafsiri!”

Wakaitikia wengine. Tafsiri, VJ, tafsiri. Watu mia mbili walikuwa wanamngoja yeye, na hakuwa amepata hadhira kama hiyo tangu kibanda kifungwe. Na maneno alikuwa nayo, tusimdhanie vibaya, yalikuwa yamepangana kooni, mazuri, mengine ya kuchekesha sana. Eugénie alikuwa katikati ya umati ameshika mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili. Pasi akameza mate, hakusema.

 Halafu msichana mmoja mdogo akamwambia mama yake, kwa sauti iliyofika kila mahali, “Kumbe muizi wa maji ni VJ.” Kicheko kikaanza upya, na safari hii kilimjia yeye peke yake, chote, na kilimuuma kweli. Alikipokea akiwa ameinama.

“Na televisheni je?” Sebagabo akauliza. “Televisheni ilisema.”

“Televisheni ilisema kwa mudomo ya huyu,” mwenyekiti akamjibu. “Na mudomo ya huyu munaijua.” Akageuka kwa Herménégilde. “Papa, batu banangoja maji. Saa sita banayakata.”

Herménégilde hakufungua bomba mara moja. Alikwenda kwenye nafasi ya tatu, akaliondoa jerikani la Pasi, akalirudisha la bibi mahali pake. Kisha akamshika Pasi mkono, juu ya kiwiko, na kwa mkono mwingine akabeba jerikani lile tupu, wakatembea pamoja kando ya mstari mzima, mbele ya macho ya kila mtu, mpaka nyuma kabisa, nyuma ya mtoto wa mwisho. Akaliweka chini. Akarudi, akaingiza ufunguo, na maji yakaanza kupiga plastiki.

Pasi angeweza kwenda nyumbani, jerikani lingesimama badala yake, ndiyo desturi. Hakwenda. Alisimama kwenye jua, na waliopita na maji yao walimwita mwizi wa maji, jina ambalo analo mpaka leo na ambalo watoto wake wanaitwa nalo shuleni. Hakumjibu mtu. Mstari ulisogea, naye akasogeza jerikani lake, kila wakati kwa mkono na mahali ambapo wote wanaona.

Saa sita maji yalikatwa, mbele yake yakiwa yamebaki majerikani manne. Watu walitawanyika. Herménégilde alifunga bomba, akatia ufunguo mfukoni, akaja njia ya nyumbani, ambayo ni moja kwao wote wawili. Alipomfikia Pasi akasimama. Siku nane hawakuwa wameongea.

“Kesho uwahi,” alimwambia.